Filamu ya Out of Africa: ilistahili tuzo saba, au ilivikwa kilemba cha ukoka?

Mkaaji wa Ngong

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekulia mahali ambapo vilima vya Ngong huonekana kila asubuhi mawingu yanapopanda, na tangu utotoni nimekuwa nikiulizwa na wageni kama nimeitazama filamu ya Out of Africa. Kila nilipojibu kwamba sijaitazama walinishangaa kana kwamba nimekiri kuwa sijawahi kuonja ugali. Jumamosi iliyopita niliamua kulilipa deni hilo. Nilikaa dakika zote 161 bila kuinuka, na ilipokwisha nikabaki na swali ambalo naona haya kuwauliza wale walionihimiza: hivi hii ndiyo ile?

Kwa wasioifahamu, filamu hii ilitoka Desemba 1985 ikiongozwa na Sydney Pollack. Inasimulia maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika Kenya muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaolewa na Bror Blixen, akalima kahawa chini ya vilima vyetu, akampenda mwindaji wa Kiingereza aitwaye Denys Finch Hatton, na mwaka 1931 akarudi kwao akiwa amepoteza shamba, ndoa na mpenzi. Meryl Streep ndiye Karen, Robert Redford ndiye Denys, na Klaus Maria Brandauer ndiye Bror. Machi 1986 iliingia katika sherehe za Oscar ikiwa imeteuliwa kuwania tuzo 11, ikatoka na 7, zikiwamo za filamu bora na mwongozaji bora.

Nina malalamiko matatu, na ninayatoa kwa unyenyekevu kwa kuwa si mjuzi wa sanaa hii. La kwanza ni mwendo wake, kwa maana sehemu ya pili yote ni Denys kuja, Denys kuondoka na Karen kungoja, kisha mzunguko huohuo kuanza upya. La pili ni kwamba sikuyaamini mapenzi yenyewe. Niliona watu wawili wazuri wa sura waliokaa mahali pazuri. La tatu ndilo lililonikera zaidi. Watu wetu wamo katika karibu kila sehemu, wamebeba, wamepika, wametembea nyuma ya farasi, lakini nikijiuliza mmoja wao alitaka nini maishani, sipati jibu. Kazi yao kubwa ni kusimama vizuri mbele ya machweo.

Je, ni mimi niliyekosa jicho la kuiona, au filamu hii imekuzwa kupita kimo chake? Naomba tujibizane kwa hoja.

Fundi wa Projekta

Mwanangu Mkaaji wa Ngong, kabla sijakujibu naomba nikuulize uliitazama kwenye nini. Kama ni kwenye simu, au kwenye kompyuta huku taa ya sebuleni inawaka, basi hukuitazama, ulisimuliwa tu.

Nilifanya kazi katika chumba cha mitambo cha jumba moja la sinema mjini Mombasa katika miaka ya themanini, na kazi hiyo humfanya mtu aitazame filamu moja mara nyingi kuliko apendavyo. Nakuhakikishia kwamba nyingi nilizichoka kabla ya wiki kwisha. Hii sikuichoka upande wa macho. David Watkin, aliyepiga picha zake, hakuichukua nchi yetu kama kadi ya posta, ingawa watu wengi husema hivyo bila kuangalia. Tazama sehemu za ndani ya nyumba, jinsi mwanga unavyoingia kutoka dirisha moja na kuuacha uso wa mtu nusu kivulini, halafu mlango unapofunguliwa ule mwanga wa nje unakupiga mpaka unajikuta umekunja jicho. Hivyo ndivyo mwanga wa nyanda za juu ulivyo, na aliyekulia pwani kama mimi aliuona mara ya kwanza kwenye pazia la sinema kabla ya kuuona kwa macho yake.

Halafu kuna ile safari ya ndege. Karen amekaa mbele, Denys nyuma yake, heroe wanainuka majini kama kitambaa cha waridi kinachokunjuliwa, na kwa dakika kadhaa hakuna mtu anayesema neno. Ni muziki wa John Barry peke yake. Mwishoni Karen ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Denys anaushika. Nimewaona watu waliokuwa wakipiga gumzo tangu mwanzo wa filamu wakinyamaza hapo, akiwamo muuza karanga aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia lake. Ukiniambia kwamba tuzo ya upigaji picha na tuzo ya muziki zilikuwa kilemba cha ukoka, nitakubishia mpaka asubuhi.

Kuhusu mwendo, nakubaliana nawe nusu. Kungoja kwa Karen kunachosha kwa makusudi, kwa sababu filamu nzima ni kumbukumbu ya mwanamke mzee anayesimulia akiwa Denmark, na kumbukumbu za anayengoja hujirudia. Lakini mwongozaji aliyejiamini zaidi angekata dakika 20 na asingepoteza kitu.

Suala la watu wetu nawaachia wengine.

Kiti cha Nyuma

Mimi nitasema machache juu ya Redford tu. Finch Hatton halisi alikuwa mtoto wa kabaila wa Kiingereza, aliyesoma Eton na kisha Oxford, na picha zake zilizobaki zinatuonyesha mtu mwenye upara. Katika filamu amegeuka kuwa Mmarekani kwa lafudhi na kwa mwendo, mwenye nywele za dhahabu zisizoharibiwa hata na upepo wa ndege isiyo na paa. Hilo la nywele namsamehe. Lafudhi siwezi, kwa sababu Streep, aliyeketi naye meza moja, amejibidiisha kuzungumza Kiingereza cha mtu wa Denmark katika kila sentensi, kwa hiyo masikio yetu yanaambiwa mambo mawili yanayopingana: huyu ni mtu wa kweli wa zama zile, na yule ni nyota wa sinema aliyekuja kututembelea.

Tena angalieni tuzo zenyewe. Kati ya zile 7 hakuna hata moja iliyokwenda kwa mwigizaji. Streep na Brandauer waliteuliwa wakakosa. Redford hakuteuliwa kabisa. Filamu ya mapenzi ya watu wawili ilitangazwa kuwa bora kuliko zote za mwaka wake na watu ambao, walipoulizwa juu ya hao wawili, waliwapa kura zao wengine. Ndugu Mkaaji, kama hukuyaamini mapenzi yao, una wenzako ndani ya jopo lenyewe.

Mwana wa Kariokor

Ninakaa Kariokor, Nairobi. Jina hilo, kama lilivyo lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, lilitokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ili kuwabebea askari wao chakula na risasi walipokuwa wakipigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na kwa kukosa chakula, si kwa risasi. Nayasema haya kwanza kwa sababu vita hivyo vimo ndani ya filamu, tena kwa dakika nyingi, na nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilikaa mbele kidogo kwenye kiti nikidhani sasa nitawaona.

Ninachokiona ni Karen akisafirisha mizigo kwa mkokoteni wa ng'ombe kuwapelekea walowezi wenzake walioko mpakani, simba wakiwavamia ng'ombe usiku, na Karen akimfukuza simba kwa mjeledi. Ni sehemu ya kusisimua na imetengenezwa vizuri. Vita vilivyoufanya mtaa wangu uitwe jina unaloitwa vimekuwa mtihani wa ujasiri wa mwanamke mmoja, ambao ameufaulu.

Kuna sehemu nyingine ambayo kila mtu huipenda, nami nilipoizingatia nilishindwa kuipenda tena. Denys ameweka gramafoni porini, inapiga ile sehemu ya polepole ya tamasha la klarineti la Mozart, na nyani wanasogea kuja kuchungulia. Denys anafurahi na kusema kwa mshangao kwamba mahali hapo hapajawahi kusikika sauti iliyotengenezwa na mwanadamu, na sasa ghafla pamesikika Mozart. Ndugu zangu, nchi hiyo Wamaasai wameichunga na kuiimbia kwa vizazi. Sina ugomvi na Mozart hata kidogo, na klarineti ile kila niisikiapo hunitoa machozi. Ugomvi wangu ni na mswada uliomruhusu mhusika aseme hivyo bila mtu yeyote ndani ya filamu kukohoa, na bila kamera kugeuka hata mara moja kumtazama mpagazi aliyelibeba gramafoni hilo mpaka pale.

Sasa nije kwenye ardhi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha yote. Mwishoni, Karen anapofilisika na shamba linapouzwa, anahangaika kuwatafutia Wakikuyu wanaoishi shambani mahali pa kwenda wakiwa pamoja, na katika tafrija ya kumkaribisha gavana mpya anapiga magoti mbele ya watu wote kumwomba. Sehemu hiyo imewatoa wengi machozi. Lakini Wakikuyu hao walikuwa wapi muda huo wote? Tangu sheria ya ardhi ya 1915, Mwafrika alihesabiwa kuwa mkaaji tu kwa hisani ya Serikali ya Uingereza katika ardhi ya babu zake, na wale walioitwa maskwota walilipia kuishi kwao shambani kwa kumfanyia mlowezi kazi. Machi 1922 Harry Thuku, mwanaharakati wa Kikuyu, alikamatwa kwa kuupinga mfumo huo wa kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba), kodi na kazi za lazima; umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi hapahapa Nairobi, polisi wakafyatua risasi, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao, akawa miongoni mwa waliouawa. Mwaka 1929 Jomo Kenyatta alipanda meli kwenda London kwa niaba ya Chama Kikuu cha Wakikuyu kuidai ardhi. Maana yake ni kwamba filamu inapotuonyesha mwanamke wa Denmark akiwapigia magoti watu wasio na sauti, watu hao walikuwa tayari wameshajisemea wenyewe, wameshapigwa risasi kwa kusema, na wameshamtuma mjumbe ng'ambo. Hakuna hata fununu ya jambo hilo ndani ya dakika 161.

Mtu ataniambia kuwa kitabu cha Blixen cha mwaka 1937, ambacho filamu ilikitegemea, nacho hakikuyasimulia. Ni kweli, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kukishughulikia kitabu hicho kwa ukali katika insha ambayo kichwa chake kinawataja kwa pamoja mpishi wa Blixen na mbwa wake. Ila Pollack hakuwa anafanya kazi mwaka 1937. Alikuwa Kenya yenyewe katikati ya miaka ya themanini, akiwa amezungukwa na wazee waliokuwa vijana wakati wa Thuku. Kosa ambalo tunaweza kulieleza kwa mlowezi wa zamani hatuwezi kulieleza kwa urahisi kwa mwongozaji wa jana.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ilikuzwa, na si kidogo.

Fundi wa Projekta

Bwana Mwana wa Kariokor, umeniumiza kwa lile la gramafoni, maana nimeliangalia pengine mara 40 na sikuwahi kujiuliza nani alilibeba.

Hata hivyo nikupinge mahali pamoja. Filamu haimwamini Karen kila anachosema. Denys mwenyewe anamkejeli anapotaja Wakikuyu wake, vyombo vyake vya mezani na shamba lake kwa pumzi moja, akimwambia kwamba hivyo ni vitu vingi mno kwa mtu mmoja kuvimiliki, na kwamba wao pale si wenye mali, ni wapita njia. Vilevile kuna mtumishi anayevalishwa glavu nyeupe ili kuhudumia mezani, na kamera inamwonyesha anavyohangaika nazo. Anayechekwa hapo si yeye, ni aliyemvalisha. Na mzee Kinanjui, chifu wa Wakikuyu, anapoletewa habari za shule, anauliza kusoma kumewafaa nini Waingereza, ambao wote wanajua kusoma. Jumba zima lilikuwa likiangua kicheko hapo, na tulikuwa tukimcheka Mwingereza.

Mwana wa Kariokor

Mzee wangu Fundi, nakubali, na kauli ya Kinanjui ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lakini kumbuka inatufikia kupitia kwa Farah, mtumishi mkuu wa Karen, anayeitafsiri kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, kana kwamba mzee aliyatamka maneno hayo akiwa mtoto wa chekechea. Kuhusu Denys na wapita njia, ni neno zuri, ila ni rahisi kulisema kwa mtu aliyeishi kwa kuwapeleka matajiri kuwinda wanyama wa nchi anayopita.

Msomaji Mkongwe

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, nami ningependa kuurudisha kwenye neno ambalo dada au kaka Mkaaji wa Ngong alilitumia, yaani kimo. Huwezi kusema kitu kimekuzwa kupita kimo chake bila kueleza unakipima kwa fimbo gani.

Fimbo ya kwanza ni filamu za mwaka uleule. Akira Kurosawa aliteuliwa kuwania tuzo ya mwongozaji bora kwa filamu ya Ran, kazi aliyoifanya akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, akiichukua hadithi ya Mfalme Lear na kuipeleka katika Ujapani ya vita vya makabaila, na tuzo hiyo ikaenda kwa Pollack. Aliyewahi kuiona ngome ikiteketea ndani ya Ran huku sauti zote za vita zimezimwa na muziki peke yake ukilia, hataweza kunishawishi kwamba wapigakura walichagua sawasawa. Kulikuwa pia na The Color Purple ya Steven Spielberg, inayohusu maisha ya mwanamke mweusi katika kusini mwa Marekani. Nayo iliteuliwa kuwania tuzo 11, idadi ileile ya Out of Africa, na ikarudi nyumbani mikono mitupu, bila tuzo hata moja. Nina mashaka yangu na filamu hiyo pia, maana ina sukari nyingi pale riwaya ilipoweka chumvi. Hata hivyo matokeo ya 7 kwa sifuri yanatueleza zaidi juu ya waliopiga kura kuliko juu ya filamu zenyewe. Walikuwa wakipenda filamu ndefu, ya kihistoria, yenye mavazi mazuri, nchi ya mbali na mwisho wa huzuni, na Pollack aliwaletea hivyo vyote katika sinia moja.

Fimbo ya pili ni wakati, nayo haimwonei mtu haya. Jarida la Uingereza la Sight and Sound hufanya kura ya filamu bora za nyakati zote kila baada ya miaka 10. Citizen Kane ya Orson Welles ilishika nafasi ya kwanza kuanzia 1962 mpaka 2002, mpaka watu wakazoea kuisifu bila kuitazama, jambo ambalo ndilo hasa huzaa malalamiko ya kukuzwa. Mwaka 2012 ikang'olewa na Vertigo ya Hitchcock, filamu iliyopokewa kwa shingo upande ilipotoka mwaka 1958. Mwaka 2022 walipiga kura watu zaidi ya 1,600, na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ambayo kwa zaidi ya saa tatu inamfuata mama wa nyumbani wa Brussels akimenya viazi na kutandika kitanda, ikapanda juu ya zote mbili, na kelele zikaanza upya kwamba nayo imekuzwa. Out of Africa haimo hata katika 100 za kwanza za mwaka 2022. Filamu mbili za Senegali zimo: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, na La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966.

Hii ya Sembène ndiyo ninayotaka kuisemea, kwa kuwa inajibu lalamiko la tatu la muulizaji kuliko hoja yoyote yetu. Inachukua muda wa saa moja hivi. Haina ndege, haina simba, haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe. Inamhusu Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa na waajiri wake kwa ahadi ya kulea watoto, akafika akakuta anapika, anafua na kusugua sakafu ya nyumba ambayo haruhusiwi kuwa chochote ndani yake. Katika filamu yote tunaisikia sauti ya mawazo yake. Waajiri wake wanamjadili mbele yake wakidhani haelewi, sisi tunasikia anachowaza juu yao, na tukifika mwisho tunajua kwa uchungu alichokitaka ni nini. Sembène aliitengeneza kwa fedha kidogo miaka 20 kabla ya Pollack kutua Oscar, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba enzi zile watu walikuwa hawajajua kumwonyesha mtumishi kama mtu.

Turudi kwa Farah sasa. Nampenda sana Malick Bowens, mwigizaji wa Mali aliyemwigiza, kwa sababu amefanya kazi kubwa kwa maneno machache. Katika stesheni, treni ikiwa tayari kuondoka, Karen anampa dira yake, halafu anamwomba amwite kwa jina lake, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka yote hiyo. Farah anamjibu kwamba yeye ni Karen, kisha anamalizia kwa kumwita Msabu. Wengi husema hapo ndipo urafiki wao unapothibitishwa. Mimi huona kinyume chake, na naamini Bowens aliliona pia: anampa jina aliloomba, na papo hapo anairudisha ile memsahibu (bibi wa Kizungu) iliyokatwakatwa na kutoholewa, kwa upole kabisa, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. Ni sekunde chache tu, na ndizo zilizo bora kuliko zote katika filamu hii. Kama Pollack angekuwa na ujasiri wa kubaki na Farah pale stesheni baada ya treni kuondoka, ningempigia kura mimi mwenyewe.

Kiti cha Nyuma

Msomaji Mkongwe, nami ningempigia. Hata lafudhi ya Redford ningeisahau.

Mkaaji wa Ngong

Nawashukuru nyote, na kwa Msomaji Mkongwe, mimi ni kaka.

Jana usiku niliirudia, safari hii kwenye runinga kubwa ya shangazi yangu, taa zimezimwa kama alivyoagiza Mzee Fundi. Nakiri kwamba sikuwa nimeiona. Ule mkono unaonyooshwa nyuma ndani ya ndege ulinishika koo, na sitasema tena kwamba wale wawili hawakupendana. Nitasema tu kwamba walipendana vizuri zaidi walipokuwa hawazungumzi. Tuzo za picha na muziki nimezirudisha kwa wenyewe bila kinyongo. Ya mwongozaji bora bado nimeishikilia mkononi, na baada ya maelezo ya Ran nadhani najua ilipaswa kwenda wapi, ingawa itanibidi niitazame kwanza kabla sijahukumu.

Kwenye lile gramafoni la porini nilijitahidi kumtafuta aliyelibeba. Hayumo.

Shangazi yangu, ambaye hana habari na mjadala wetu na alikuwa akiambua maharagwe muda wote, aliuliza swali moja tu, tulipofika stesheni. Farah alikuwa amesimama na dira mkononi, treni inaanza kusogea, na shangazi akaacha maharagwe yake akaniuliza, "Na huyu sasa anarudi wapi, kama shamba limeuzwa?" Nilisimamisha filamu nikafikiri kidogo, nikamwambia filamu haisemi. Alinitazama kama aliyeuziwa nusu ya kitu kwa bei ya kizima, akaendelea na kazi yake.

Kama kuna anayejua mahali ninapoweza kuipata ile ya Sembène kwa njia halali, tafadhali anielekeze. Nimemwahidi shangazi kuwa Jumamosi ijayo tutaitazama pamoja, naye amekubali kwa sharti kwamba isizidi saa moja.